Nani Analipia Usingizi wa Mchana?

Mgeni anayefika Iten mara ya kwanza huja na picha yake kichwani. Mji uko ukingoni mwa Bonde la Ufa, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, na lango lake linatangaza kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Basi mgeni hutarajia kuona watu wakikimbia, na alfajiri huwaona kweli: saa kumi na mbili, baridi bado inauma, makundi ya watu ishirini, thelathini, yakichomoza kwenye barabara za udongo mwekundu. Kinachomshangaza kwanza ni mwendo wao. Wanaanza polepole mno, nyayo zikiburuza, kiasi kwamba hata mwenye kitambi angeweza kuandamana nao kilomita ya kwanza huku akipiga soga. Kasi huja baadaye, yenyewe, mwili ukishapata moto. Kinachomshangaza pili huja mchana, chai ya maziwa imekwisha kunyweka na viatu vimeanikwa uani. Anauliza mabingwa wako wapi, anaambiwa wamelala.

Wamelala hasa. Mapazia yameshushwa, simu ziko mbali. Hakuna aliyekwenda shambani wala aliyeteremka Eldoret kutafuta kibarua cha nusu siku. Wataamka wale ugali na mboga za majani, wajinyooshe tena kidogo, halafu wengi wao watoke jioni kwa mbio nyingine fupi za taratibu. Saa tatu usiku taa zinazimwa. Ukihesabu, sehemu kubwa ya siku ya mwanariadha wa marathoni inapita akiwa kitandani au amekaa tu, na kocha hana wasiwasi wowote na hesabu hiyo. Yeye ndiye aliyeipanga.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alishinda mita 5,000 katika mashindano ya dunia mjini Paris. Miaka 19 baadaye, Septemba 2022, alivunja rekodi yake mwenyewe ya marathoni mjini Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Katikati kuna dhahabu mbili za Olimpiki katika marathoni, na ile asubuhi ya Oktoba 12, 2019 mjini Vienna alipomaliza umbali huo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa haikuandikwa kuwa rekodi kwa sababu mbio zenyewe ziliandaliwa kwa ajili yake peke yake, na waongoza kasi wakipokezana. Muda wote huo amefundishwa na mtu mmoja, Patrick Sang, mshindi wa fedha wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992. Kambi yao iko Kaptagat. Hapo bingwa wa dunia hufagia, hupangiwa zamu ya usafi kama mwenzake asiyejulikana, na hukimbia kilomita nyingi kwa mwendo ambao waandishi wa habari wanaokuja na saa za kupimia huudhania ni utani. Siku ngumu ni chache katika wiki. Marathoni ikiisha, wiki kadhaa hupita kabla hajarudi kwenye mazoezi kamili.

Wataalamu wa mwili wana maelezo yasiyo na ushairi. Mazoezi makali huuchosha na kuuumiza mwili: nyuzi za misuli hupata michaniko midogo, akiba ya sukari iliyomo humalizika. Ukarabati hufanyika baadaye, na fundi mkuu wa ukarabati huo ni usingizi, kwa kuwa homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi katika saa za usingizi mzito. Anayefanya mazoezi asilale ni kama anayebomoa ukuta kila siku akiwa hajamwita mwashi.

Haimaanishi kwamba wote wanakubaliana. Kelvin Kiptum, kijana aliyeishusha rekodi ya Kipchoge hadi saa 2 na sekunde 35 mjini Chicago Oktoba 2023, alifuata njia nyingine kabisa. Kocha wake, Mnyarwanda Gervais Hakizimana, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kijana huyo alikuwa akikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, wakati mwingine hadi 300, na kwamba alikuwa hapumziki. Alimtaka apunguze, akakataa. Kocha alihofia kwamba kwa mwendo ule mwili ungefika mwisho wake baada ya miaka mitano hivi. Februari 2024 wote wawili walifariki katika ajali ya gari usiku, si mbali na Kaptagat, na swali la kocha likabaki bila jibu. Ni haki kulitaja, maana safu za magazeti hupenda mifano inayotii, na huu haukutii.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Kipchoge na Kiptum walikuwa nalo wote wawili, nalo ndilo linaloachwa nje kila mara Iten inapotolewa somo kwa watu wa ofisini. Mwanariadha wa daraja hilo anayelala saa saba mchana analipwa. Ana mkataba na kampuni ya viatu, ana meneja, kambi ina mpishi. Usingizi wake una mlipaji. Kijana wa kambi ya jirani ambaye bado hajapata mkataba hulala pia, lakini usingizi wake unalipiwa na kaka aliyeuza ng'ombe, au na mama aliyekubali kulima peke yake msimu mmoja zaidi. Msimu huo ukipita bila matokeo, kijana anarudi nyumbani, na mchana anashika jembe.

Hapo ndipo mazungumzo ya siku hizi kuhusu kupumzika yanapokwama. Vitabu, mahubiri na video fupi vinamwambia mtu apunguze kasi, kana kwamba kasi ni tabia kama ya kutafuna kucha, ambayo mtu mzima akiamua anaiacha. Kwa wengine ni hivyo. Kwa walio wengi mapumziko ni gharama, na kila gharama ina anayeibeba. Ushauri usiosema ni nani atakayebeba ni maneno mazuri tu.

Hakuna anayeijua hesabu hiyo kuliko dereva wa daladala wa Dar es Salaam. Neno lenyewe linalotumika ni hilo hilo: hesabu. Dereva na konda wanachukua gari kabla ya jua, na jioni tajiri anasubiri kiasi walichokubaliana, gari lijae lisijae, mvua inyeshe isinyeshe. Tuseme ni shilingi 100,000. Ongeza mafuta, ongeza faini, ongeza vijana wa kituoni wanaoitia abiria. Ikienda vizuri, hesabu ya tajiri inatimia mchana au alasiri. Fedha inayopatikana baada ya hapo ndiyo ya dereva na konda. Angalia mpango huo ulivyokaa: saa ambazo dereva ana nguvu, akili ikiwa nyepesi na macho makavu, ni za tajiri. Saa zake mwenyewe zinaanza pale mwili unapoanza kudai kitanda. Kumwambia mtu huyo apumzike jioni ni kumwambia aache mshahara.

Madereva, wakiwa watu wenye akili zao, wamejitafutia dawa, na dawa hiyo ina jina: deiwaka. Ni dereva asiye na gari lake la kudumu, anayeshinda kituoni akingoja dereva mwenye zamu achoke. Anakabidhiwa usukani kwa tripu mbili tatu, na mwenye zamu anajilaza kiti cha nyuma au chini ya mti kwenye mwisho wa ruti, kofia usoni. Akiamka anamtoa deiwaka kwa kumkatia chake. Hapa usingizi una bei inayojulikana, inalipwa taslimu, na inatoka mfukoni mwa anayelala. Pengine hakuna mahali pengine nchini ambapo uchumi wa mapumziko unaonekana uchi namna hii.

Kwa bodaboda wa mkataba ni vilevile, ila hakuna deiwaka. Anarejesha fedha kila siku mpaka pikipiki iwe yake, na siku asiyofanya kazi haifutiki, inageuka deni. Akiugua malaria siku nne, deni limekua siku nne.

Basi la masafa marefu ni habari nyingine, kwa sababu hapo serikali imeingilia. Sheria ya Usalama Barabarani ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la abiria aendeshe zaidi ya jumla ya saa nane katika saa 24. Tanzania, masharti ya leseni yanataka safari inayozidi saa nane iwe na dereva wa pili, na mabasi yamefungwa vifaa vinavyotuma mwendo wake kwa mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku, marufuku iliyotokana na ajali za miaka ya 1990. Mwaka 2023 yaliruhusiwa tena, na stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, ikawa haina usiku.

Hofu iliyokuwa nyuma ya marufuku ile ina msingi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, waliwapima watu waliokesha, kisha wakawapima watu walewale wakiwa wamekunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alifanya makosa kama mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humnyang'anya mtu funguo. Akifika saa 24 anakuwa kama mwenye 0.10. Tofauti ni kwamba mlevi hunuka. Askari wa barabarani ana kifaa cha kumpulizisha aliyekunywa. Hana cha kumpulizisha aliyeamka saa tisa usiku.

Wanaodhani haya ni matatizo ya zama za simu na magari wanasahau neno ambalo Kiswahili kinalitumia kila siku: kibarua. Ni barua ndogo. Ni ile karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa kuonyesha kwamba leo amefanya kazi, alipwe. Bandarini Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, kazi ya kupakia na kupakua iliendeshwa kwa vibarua. Mtu alijitokeza siku anayotaka. Akishapata cha kutosha kodi na chakula alikaa nyumbani, au alikwenda shambani kwake Pwani ya kusini, akarudi mfuko ukilegea. Malipo ya siku yalikuwa haba, maisha yalikuwa magumu, lakini kuna kitu kimoja kibarua alikuwa nacho ambacho karani wa mshahara hakuwa nacho: siku zake za kupumzika alizipanga mwenyewe.

Wakubwa wa kikoloni hawakuuita mpangilio huo kwa jina hilo. Waliuita uvivu. Ripoti zao zilirudia wimbo ule ule, kwamba Mwafrika wa Pwani hataki kazi, anafanya siku kumi na tano halafu anatoweka. Kumbe tatizo lao lilikuwa kwamba mtu anayeweza kukaa nyumbani bila kufa njaa ni mtu anayeweza pia kugoma, na Mombasa iligoma: mwaka 1939, na tena Januari 1947, mgomo mkuu ulioufunga mji mzima karibu wiki mbili. Baada ya hapo serikali na makampuni ya bandari yalianza kuwasajili makuli, kuwapunguza wa siku mojamoja na kuwafanya wengine kuwa wa kudumu. Mwanahistoria Frederick Cooper ameandika kitabu kizima kuhusu mabadiliko hayo. Makuli walipata mshahara bora na uhakika wa kazi. Walichotoa kama malipo ni hiari ya kusema leo siendi.

Kwa hiyo neno uvivu lina historia, na anayelitumia leo kumsema fundi aliyelala kwenye kivuli saa nane mchana angeulizwa kwanza huyo fundi ameamka saa ngapi.

Waajiri wenyewe waligundua mapema kwamba kumbana mtu kuna mwisho wake, na waligundua vitani. Mwaka 1915 Uingereza ilikuwa na njaa ya mabomu. Viwanda vya silaha vilijaa wanawake waliofanya kazi saa 60, 70 kwa wiki, Jumapili ikiwemo, na serikali ikaunda kamati ya kuangalia afya zao. Kamati ilipima: saa ngapi zimefanywa, makasha mangapi ya mabomu yametoka. Karne moja baadaye, 2014, mwanauchumi John Pencavel wa chuo kikuu cha Stanford alizifukua takwimu zile na kuzipiga hesabu upya kwa mbinu za sasa. Hadi karibu saa 50 kwa wiki, kuongeza saa kuliongeza mabomu. Baada ya hapo kila saa ilizaa kidogo zaidi. Walipofika saa 70, kilichotoka kiwandani kilikuwa karibu sawa na kilichotoka kwa saa 56. Saa 14 za wiki, za mama aliyeacha watoto nyumbani, zilikuwa zinaingia kwenye mashine na hazitoki na kitu. Na wiki isiyo na Jumapili ilikuwa mbaya kuliko iliyo nayo.

Haya yalijulikana vita ikiendelea. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipozaliwa, mkataba wake wa kwanza kabisa ulikuwa wa saa za kazi viwandani: nane kwa siku, 48 kwa wiki. Haukuwa upole mtupu wa moyo. Wanadiplomasia walikuwa wameona wafanyakazi wa Urusi walivyofanya miaka miwili kabla.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, ni mjukuu wa mkataba ule na ukiisoma polepole inapendeza. Saa 45 kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku. Saa nzima ya kupumzika baada ya saa tano za mfululizo. Saa 12 kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho. Saa 24 kila wiki. Siku 28 za likizo ya mwaka, kwa malipo. Kenya, kwa sheria yake ya 2007, inatoa siku 21 za kazi. Tabu ni kwamba sheria hizi zinamfikia mwenye mwajiri anayejulikana, na mama lishe, machinga, mkulima wa Mbozi na kinyozi wa Kongowe hawana wa kumpelekea barua ya kuomba likizo. Hata wenye barua wengi huziuza siku zao: mtu anabaki kazini na kuchukua fedha, kwa sababu ada za shule zimekuja mwezi ule ule. Si kwamba hajui thamani ya mapumziko. Amepata mnunuzi.

Bei halisi hujitokeza baadaye, hospitalini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40. Walihesabu vifo 745,000 vya mwaka 2016 pekee. Vingi ni vya watu wazima na wazee, miaka mingi baada ya saa zenyewe kupita. Mwajiri wa zamani hapokei ankara hiyo.

Kuna dhana nyingine inayohitaji kupunguzwa kidogo, ile inayosema zamani watu walilala kama watoto, taa za umeme zikaja kuharibu. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi wamepimwa kwa miaka mingi na watafiti wanaoamini kwamba maisha ya wawindaji yanaonyesha mwili wa binadamu ulizoea nini. Katika utafiti uliochapishwa 2015, uliowahusisha pia Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, ilionekana kwamba usingizi wenyewe hauzidi sana saa 7 kwa usiku, na mara nyingi haufiki, na kwamba hawalali jua linapozama. Hukaa saa tatu na zaidi kando ya moto wakiongea. Miaka miwili baadaye kundi jingine liliwavisha Wahadzabe 33 saa za kupimia usingizi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Daima kulikuwa na mzee aliyeamka mapema, kijana aliyechelewa kulala, mama anayenyonyesha. Kambi inalindwa bila mlinzi kupangwa.

Wanachokuwa nacho kwa wingi ni utulivu wa mchana. Vipimo vilivyochapishwa 2020 vilionyesha Wahadzabe hutumia karibu saa 10 kwa siku bila kutembea, sawa na karani wa mjini. Ila hawakai kwenye kiti. Huchuchumaa, hupiga magoti, huchonga mishale, misuli ya miguu ikifanya kazi ndogo ndogo muda wote. Saa hizo hawajaziiba kutoka kwa yeyote, wala hakuna anayewadai.

Pwani nako kulikuwa na namna yake, na bado haijafa. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ikishaswaliwa adhuhuri, milango ya maduka mengi hurudishwa. Joto limekaa juu ya mabati, mitaa inabaki kwa paka. Wenyewe huita usingizi huo qailula, na wenye dini watakuambia ni sunna. Alasiri baraza zinajaa tena, kahawa chungu inapita kwenye vikombe visivyo na mkono, kashata pembeni, bao limetandazwa. Watalii hupiga picha na kuandika kwamba huku watu wanajua kuishi.

Picha hiyo ina kona ambayo haikuingia. Mzee aliyelala saa nane amekwisha kula, na kilichopikwa kilipikwa na mtu. Vyombo vinaoshwa wakati yeye anakoroma. Alasiri atakapotoka barazani, ndani kuna anayechambua mchele wa usiku. Ukiuliza nani analipia usingizi ule wa mchana unaosifiwa na wageni, jibu mara nyingi liko jikoni, na amesimama. Mwanamke wa mjini aliyeajiriwa amejaribu kuhamisha mzigo huo, na kwa kawaida umeangukia kwa dada wa kazi, binti wa miaka kumi na kitu kutoka bara, ambaye siku yake inaanza kabla ya watoto kuamka na kuisha wageni wakiondoka. Jumapili ya familia nzima inabebwa na mtu mmoja asiye na Jumapili.

Mlima Kilimanjaro unalionyesha jambo hilo kwa mteremko. Kila mgeni anayeupanda hujifunza neno moja la Kiswahili kabla ya mengine yote: polepole. Waongozaji hulirudia kuanzia langoni hadi kileleni, na wana sababu, kwani damu inahitaji siku kadhaa kuzoea hewa nyepesi, na anayekimbilia mita 5,895 huweza kushushwa kwa machela. Polepole hapo ni dawa. Lakini kila asubuhi, wakati mgeni anaweka mguu mmoja mbele ya mwingine kwa utaratibu wa harusi, kando yake wanapita wapagazi, mzigo wa hadi kilo 20 kichwani au shingoni, mwendo wa haraka, kwa sababu hema lazima liwe limesimama na maji yamechemka kabla mwenye polepole yake hajafika.

Ofisini mgogoro umehamia kwenye simu. Kundi la WhatsApp la idara halina saa ya kufunga. Bosi anaandika saa nne usiku, "mkipata nafasi", na hakuna anayethubutu kukosa nafasi. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi yajadiliane nao kuhusu haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi. Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka mswada wa namna hiyo mwaka 2022, ukitaka mfanyakazi asiadhibiwe kwa kutojibu nje ya saa zake na alipwe akijibu. Shirikisho la waajiri, FKE, lilipinga: lilisema utaumiza biashara. Pingamizi hilo lina uaminifu wake. Lilikiri kwamba ujumbe wa saa nne usiku ni kazi, una thamani, na hadi sasa umekuwa ukipatikana bure.

Saa nane ya usiku, mahali fulani kati ya Manyoni na Singida, basi lililotoka Mbezi jioni linakwenda Mwanza. Abiria wamefunikwa khanga na mashuka ya Kimasai, televisheni imezimwa, kimebaki kipimo cha mwendo kinachotoa mlio kila basi likigusa kilomita 80. Dereva mmoja yuko kwenye usukani na chupa ya soda yenye kafeini miguuni. Wa pili, anayetakiwa kwa sheria awepo, amejikunja kwenye kiti cha utingo karibu na mlango, jaketi kichwani, magoti yamegusa dashibodi. Kila tuta la barabarani shingo yake inarushwa mbele, anafumbua macho, anaangalia barabara, anayafumba. Mlango unafunguliwa kwenye mizani, upepo unaingia, askari anamulika tochi usoni mwake kuhakikisha kwamba kweli madereva ni wawili. Ni wawili. Saa kumi na moja atapokea usukani, na kwenye karatasi saa zake zote tangu Dodoma zimeandikwa mapumziko.